Kupanda Milima Ukitokea Nairobi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Karura hadi Elephant Hill

Mtu wa Nairobi amejaliwa jambo ambalo hulizoea hadi akalisahau: anaishi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kwa mwendo wa saa mbili hivi za gari anafika msituni, kwenye mgongo wa vilima, kwenye ukingo wa kreta ya volkano, au kwenye baridi ya milima ya Aberdare. Pa kwenda pamejaa tele. Kinachowaponza wengi ni kuchagua mlima kwa picha. Rafiki kaweka picha yake ameketi juu ya jiwe, mawingu yako chini ya miguu yake, na wiki inayofuata mtu ambaye safari yake ndefu zaidi kwa miguu ni kutoka steji hadi ofisini amekwisha tuma pesa ya safari hiyo hiyo kwa M-Pesa. Picha haikumwonyesha saa nzima za tope katikati ya mianzi.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kama ngazi. Kila kidato kinakufundisha kitu ambacho kinachofuata kitakudai. Kama umeshazoea, ruka hadi unapostahili, ila usiruke sehemu ya hesabu.

Kabla ya viatu, piga hesabu

Njia yoyote ya mlima ina namba tatu za kuuliza: urefu wa njia kwenda na kurudi, mita utakazopanda, na mwinuko wa kileleni. Watu huuliza ya kwanza tu. "Ni kilomita ngapi?" "Kumi na tatu." "Ah, hizo nakimbia." Kilomita kumi na tatu za Barabara ya Thika na kumi na tatu za Mlima Longonot hazina undugu.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, kisha uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua hiyo Longonot. Njia nzima ni karibu kilomita 13.5; lango liko kwenye mita 2,150 hivi na kilele kiko mita 2,776. Kutembea kunakula saa mbili na dakika arobaini, kupanda kunakula saa moja na ushee, jumla karibu saa nne. Hiyo ni hesabu ya mzoefu asiyepumzika, asiyepiga picha na asiyengoja mwenzake. Anayeanza azidishe kwa moja na nusu, aweke saa sita.

Sasa weka mchana kwenye hesabu hiyo. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, iwe Januari au Julai, na giza haliji polepole. Jipe saa kumi jioni kuwa ndiyo saa ya kuwa umerudi langoni. Toa muda wa kuteremka, na utakachobaki nacho ndicho saa ya kugeuka. Iandike mahali, mwambie kila mtu kwenye kundi kabla hamjaanza. Ikifika, mnageuka hata kama kilele mnakiona. Mabishano ya "tumalizie tu" hushindwa kuzuilika kwa sababu anayesema kwa sauti kubwa huwa ni yule aliyechoka kidogo kuliko wote, na si yeye atakayeteremka gizani akishikwa mkono.

Namba ya tatu, mwinuko, ndiyo ya baridi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi ikiwa na nyuzi 15 asubuhi, kwenye mita 3,600 utakuta tatu au nne, na hapo upepo bado hatujauhesabu.

Kidato cha kwanza: misitu ya jijini

Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ina hekta 30 hivi za miti na vijia vya kutembea na mtoto, na mzazi mwenye magoti mabovu, au na wewe mwenyewe ukiwa umetoka kuugua. Haihitaji maelezo zaidi. Oloolua kule Karen, kwenye ardhi ya taasisi ya utafiti wa nyani, ina njia ya kama kilomita tano, maporomoko madogo ya maji na pango lililotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Hiyo ni nusu siku nzuri, na kivuli kiko njia nzima.

Lakini shule yenyewe ni Karura. Msitu una zaidi ya hekta 1,000 na zaidi ya kilomita 50 za njia, na uko ndani ya jiji. Tusisahau kwamba upo kwa sababu watu waliuona ukigawanywa viwanja wakakataa. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na wahuni kwenye lango wakijaribu kupanda mti. Leo unalipa kwa simu, unaingia, na njia panda nyingi zina nguzo zenye namba.

Zitumie namba hizo kujifunza kusoma ramani. Piga picha ya ramani iliyoko langoni, chagua maporomoko na mapango kuwa vituo, kisha utembee ukilinganisha namba ya nguzo na ile ya kwenye picha. Ukikosea hapa, utatokea Barabara ya Kiambu badala ya Barabara ya Limuru, na matatu itakurudisha. Ukikosea Aberdare, hakuna matatu. Kwenda, matatu za Ruaka na Banana hupita lango la Barabara ya Limuru. Chakula ukile mbali na kima: wanajua zipu ya begi inavyofunguka.

Jipe mtihani hapa kabla ya kupanda kidato. Weka kilo tano mgongoni (chupa za maji zinatosha), tembea kilomita 15 ndani ya saa nne, kisha uangalie kesho yake. Ukishuka ngazi za nyumba bila kushikilia ukuta, uko tayari kwa Ngong. Ukishindwa, hakuna aibu. Rudia wiki mbili zijazo. Mapafu ya mtu wa Nairobi huzoea haraka, ila mapaja na magoti huchelewa, na milima hudai zaidi wakati wa kuteremka.

Kidato cha pili: Vilima vya Ngong

Hapa ndipo wengi huanzia, na ni sawa tu mradi umepita Karura. Matatu namba 111 inakufikisha mji wa Ngong, kisha boda au miguu hadi lango la Shirika la Misitu (KFS), karibu na mitambo ya upepo. Mitambo ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, na haikuwekwa pale kwa bahati nasibu: upepo wa mgongo huu hauna adabu. Kofia isiyo na kamba utaiaga.

Njia inafuata mgongo wa vilima kuelekea kusini. Mkono wa kushoto unaliona jiji, mkono wa kulia ardhi inaporomoka hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Kilele cha juu, Lamwia, kina mita 2,460. Ukiangalia namba hizo utadhani ni kazi ndogo, kwa kuwa mji wa Ngong wenyewe uko juu. Kinachochosha ni kwamba kila kilima ukikipanda unakiteremka chote ndipo uanze kingine, na vilima viko saba kwa hesabu ya wenyeji. Mita ulizozilipia hurudishiwi.

Una njia mbili za kuimaliza. Ya kwanza ni kwenda hadi kilima cha tatu au cha nne na kurudi ulikotoka. Nusu siku, na mtoto wa miaka kumi anayependa kutembea anaiweza. Ya pili ni kuvuka vyote hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, zaidi ya kilomita kumi, halafu upande gari la kwenda Kiserian na kutoka hapo jijini. Kwa hii ya pili, chukua askari wa misitu langoni. Upande wa mbali ni mpweke, na kumekuwa na visa vya watu kuporwa simu huko miaka iliyopita. Gharama ya askari mkigawana watu wanane ni bei ya chai na mandazi.

Kidato hiki kinakufundisha upepo na nyasi zenye mteremko. Nyasi zikilowa umande, soli laini ya raba za kukimbilia huteleza kama sabuni. Kwa hiyo sasa, na si kabla, ndio wakati wa kununua buti.

Viatu na begi, bila kufilisika

Masoko ya Gikomba na Toi yana buti nzuri za mitumba, na baadhi zina maisha marefu kuliko mpya za dukani. Ila kuna mtego mmoja ambao muuzaji hatakuambia, pengine kwa kuwa na yeye haujui. Soli ya katikati ya buti nyingi imetengenezwa kwa povu ambalo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Unakiona kiatu kipya kabisa, ngozi inang'aa, kumbe kimekaa ghalani miaka kumi. Saa ya pili ya mlima, soli yote inabanduka.

Mtihani wake ni huu. Kishike kiatu kwa mikono miwili, kikunje kama unataka kidole gumba kiguse kifundo, kisha ubonyeze kwa ukucha ule ukanda wa povu kati ya ngozi na mpira wa chini. Ukiona nyufa ndogo, au unga ukibaki kwenye ukucha, rudisha. Ukipita hapo, kivae na soksi nene, usimame kwenye mteremko au uweke kisigino juu ya kitu, na usukume mguu mbele. Vidole vikigonga, ongeza nusu saizi, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi ukiteremka Longonot. Kata kucha siku moja kabla ya safari.

Nguo: acha jinzi nyumbani. Pamba hunyonya maji na kuyashikilia, na nguo mbichi mwilini juani ni kero, lakini kwenye baridi ni hatari. Fulana za michezo za poliesta, suruali nyepesi, sweta la sufi au flisi, na koti la mvua la kweli. Lile koti jembamba la kuzuia upepo si koti la mvua. Lijaribu kwa kusimama nalo chini ya bomba la bafuni.

Maji ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kidogo kwenye jua kali. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga za taifa, misitu na maeneo mengine ya hifadhi, kwa hiyo ile chupa ya maji ya dukani inaweza kukukwamisha langoni. Beba chupa zako za kujaziwa. Tia na pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kutoka duka la dawa. Ni bei rahisi, na misuli ikianza kukaza kwa jasho jingi zinasaidia kuliko soda ya nguvu.

Chakula usikinunue kwa mtindo wa matangazo. Viazi vitamu vilivyochemshwa, nduma, mayai, chapati iliyokunjwa, ndizi, njugu karanga na kipande cha sukari nguru: hivyo ndivyo hukaa tumboni. Kula kidogo kila saa hata kama hujisikii njaa.

Vingine ni vichache: tochi ya kichwani hata kama mnatarajia kurudi mchana, filimbi, bandeji na plasta, mfuko wa kubebea taka, na chaja ya simu. Fimbo moja imara inapunguza kazi ya goti kwenye mteremko, na si lazima iwe ya duka. Mpini wa jembe wenyewe watosha.

Kidato cha tatu: Longonot

Kama utapanda mlima mmoja tu katika orodha hii, uwe huu. Ni volkano halisi, inakadiriwa kulipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860, na ni mbuga ya taifa tangu 1983. Unapanda kutoka langoni kama kilomita tatu hadi ukingo wa kreta, na ghafla ardhi inaisha mbele yako: chini kabisa kuna msitu mzima uliojificha, duara la kijani lililozungukwa na kuta. Kutoka hapo unaweza kurudi, ukawa umepata siku nzuri, au ukazunguka ukingo wote, kilomita 7.2, kupitia kilele.

Kufika kwa matatu kuna ujanja mmoja. Magari mengi ya Naivasha hutumia barabara ya juu, na hiyo haikufikishi. Tafuta linalopita Mai Mahiu, na mwambie makanga kabla ya kulipa kwamba unashuka Longonot. Ukikosa, panda la Mai Mahiu, kisha uchukue jingine pale linaloelekea Naivasha. Kutoka senta ya Longonot boda zinajua lango. Malipo ya Shirika la Wanyamapori hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, kwa hiyo lipa ukiwa bado una mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho, kwa sababu bei ya mkaazi na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Bei hubadilika, ziangalie hapo hapo wiki ya safari.

Kuwa langoni saa mbili asubuhi, ikiwezekana mapema zaidi. Sababu ni jua. Juu ya ukingo hakuna mti wa maana wa kukukinga, na kuanzia saa sita mchana vumbi la majivu linarudisha joto usoni. Mlimani hakuna maji ya kununua wala ya kuchota. Lita tatu kwa mtu mzima anayezunguka ukingo. Mbili kwa anayeishia ukingoni.

Sehemu ya kwanza ni ya polepole. Nenda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza pumzi. Watakaokupita wakikimbia utawakuta wameketi kwenye kivuli cha mwisho. Karibu na ukingo, njia imechimbika na maji ya mvua hadi ikawa mfereji, pengine unaofika kiunoni, mwembamba kiasi kwamba mguu mmoja ndio unaotosha. Hapo weka nafasi ya mita kadhaa kati yako na mwenzako, maana changarawe anayoisukuma yeye huja kwako.

Kwenye ukingo, usiamue kuzunguka kwa sababu kundi limeamua. Angalia saa, angalia chupa. Kama umebakiza chini ya lita moja na nusu, rudi. Kuzunguka kunaonekana tambarare ukiwa umesimama, lakini ukingo una meno: unapanda, unashuka, na kilele hakifiki. Sehemu za mwisho kabla ya mita 2,776 ni za kushika kwa mikono kidogo. Upepo ukiwa mkali, tembea upande wa nje wa njia, si upande wa kreta, na picha za kuruka uwaachie wengine.

Kuteremka ndipo watu wengi huumia. Kabla hujaanza, keti, fungua kamba za buti, gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma, kisha kaza kwa nguvu kuanzia kifundo kwenda juu. Teremka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, na mahali penye vumbi legevu geuka ubavu. Funika pua kwa leso. Twiga na pundamilia unaweza kuwaona kwenye miteremko ya chini; nyati pia wamo, kwa hiyo usikatize vichakani kutafuta njia fupi.

Vituo vya pembeni

Kilimambogo, mita 2,145, ni mlima wa mtu anayetaka mazoezi ya miguu bila kuhofia kupotea: barabara ya kama kilomita tisa inakwenda hadi juu, na utairudia hiyo hiyo. Nyati wapo kweli, kwa hiyo renja ni lazima. Njiani kuna kaburi la William Northrup McMillan, yule ambaye maktaba ya jijini ina jina lake. Unapitia Thika, na ukirudi mapema, maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu.

Msitu wa Kereita ni baridi na kijani, na unafaa familia. Mlima Olorgesailie kwenye barabara ya Magadi ni mfupi kwa kimo lakini joto lake ni la kutisha. Uanze kupanda alfajiri, na mwenyeji wa pale awe mbele, kwa kuwa njia haina alama.

Hell's Gate, mbuga ya taifa iliyo karibu na Naivasha, si mlima, lakini wengi huiunganisha na Longonot. Korongo lake jembamba ni zuri mno na pia ni mfereji wa maji. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni waliokuwa ndani. Mvua iliyonyesha mbali, usiyoiona wala kuisikia, ndiyo inayojaza korongo. Kukiwa na wingu zito upande wowote, na hata kama kiongozi anasema hakuna shida, usiingie.

Majira

Mvua ya masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni miezi ya kupanda chochote. Juni hadi Septemba kumekauka lakini kuna ukungu. Julai, Ngong inaweza kukunyima jiji na Bonde la Ufa vyote viwili. Majivu ya Longonot yakilowa hugeuka utelezi, na Aberdare wakati wa masika waachie wanaolipwa kuwa huko. Milimani mvua hupenda alasiri, sababu nyingine ya kuanza mapema.

Kidato cha nne: Elephant Hill

Sasa tumefika kwenye ile picha. Elephant Hill iko upande wa kusini wa Aberdare, juu ya Njabini, kaunti ya Nyandarua, na kilele chake kiko karibu mita 3,600. Njia ni kama kilomita 18 hadi 20 kwenda na kurudi. Weka saa nane hadi kumi. Ukitegemea matatu ya asubuhi utachelewa, hivyo ama mwende na gari la kukodi linalotoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, ama mlale Njabini. Askari wa misitu au renja ni lazima: tembo wako humo, na kinyesi chao utakiruka njiani.

Kwanza unapita mashamba na msitu wa kupandwa. Halafu mianzi, na hapa ndipo tope lilipo. Njia inapita chini ya mianzi iliyoinama, unainama nayo, na kila mguu unaouinua una kilo ya udongo. Ingiza suruali ndani ya soksi kabla hujaingia, kwa sababu ya siafu na ya thabai, ule mmea unaowasha. Wapo wanaovaa gumbuti sehemu hii na kubadilisha juu. Ni wazo zuri kama una mtu wa kukubebea.

Ukitoka kwenye mianzi, miti inapungua, nyasi zinakuwa mafundo mafundo yanayokataa mguu kukaa sawa, na baridi inakuja. Kuna mahali watu wa haiki wamepaita Point of Despair, na jina limetosha. Ukifika hapo unaona mgongo mzima uliobaki, kilele cha uongo baada ya kilele cha uongo. Hapo ndipo pa kutazama saa ya kugeuka. Kama imefika saa saba mchana na bado uko hapo, kula chakula chako, furahia, rudi.

Mambo mawili ya kuchunga juu ya mita 3,000. La kwanza ni mwinuko. Sisi wa Nairobi tuna nafuu kidogo, lakini kichwa kuuma na kichefuchefu si vya kupuuzwa. Kunywa maji, punguza mwendo, na kama havitulii ndani ya nusu saa, mtu huyo ateremke na mwenzake, sasa hivi, wala asiachwe peke yake "atungoje hapa." Akianza kuyumba au kusema yasiyoeleweka, kundi lote linateremka.

La pili ni baridi yenye maji, na nchini kwetu hili linadharauliwa kwa kuwa hatujioni kuwa nchi ya baridi. Mvua ya mawe kwenye nyuzi nne, upepo, na fulana ya pamba: mwili unaanza kupoteza joto ndani ya dakika chache. Dalili ni kutetemeka kusikozuilika, vidole kushindwa kufunga zipu, mtu kujikwaa na kununa au kunyamaza. Usimwache aketi "apumzike kidogo." Mvue nguo mbichi, mvalishe kavu (ndiyo maana kila mtu abebe seti moja ya nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji), mfunike kichwa, mpe kitu cha sukari na chai ya moto ya themosi, kisha mwende chini. Pombe hapana, hata iwe ya "kupasha."

Kuchagua kundi

Nairobi ina makundi mengi ya haiki, na baadhi yanaendeshwa na mtu aliyepanda mlima huo kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Kabla ya kutuma pesa, uliza maswali haya kwa simu. Nani anatembea wa mwisho? Jibu sahihi ni jina la mtu, si "tutaangaliana." Kuna kiongozi mmoja kwa watu wangapi? Zaidi ya kumi na watano kwa mmoja kwenye Elephant Hill, kataa. Saa ya kugeuka ni ipi? Bei inajumuisha kiingilio na renja, au usafiri tu? Na mtu akivunjika kifundo, gari liko wapi na dereva atalala au atatungoja? Anayekasirishwa na maswali haya amekujibu.

Nyumbani mwachie mtu asiyekuja jina la mlima, lango mtakalotumia, nambari ya kiongozi, na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Akifikisha saa hiyo bila kusikia kitu, apige kwanza kwa kiongozi, kisha 999 au 112. Weka simu yako katika hali ya ndege ukiwa mlimani. Betri humalizwa na kutafuta mtandao kuliko na picha. Ukihitaji msaada, tafuta mgongo ulio wazi ndipo uiwashe.

Ukishamaliza Elephant Hill mara mbili bila magoti kulalamika, ipo Satima yenye mita 4,001, kilele cha juu cha Aberdare, kisha Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985. Lenana ni ya kulala mlimani usiku kadhaa ili mwili uzoee, na viongozi wake wana utaratibu wao. Weka nafasi mapema, hasa kama unalenga Januari au Februari.